Sikuzani, Aliyeliliwa Angali Hai

Wasikilizaji wapendwa, leo siwaambii mkae mtulie. Kama uko jikoni unapepeta mchele, endelea kupepeta. Kama uko njiani kutoka Tandahimba na redio iko mfukoni, endelea kutembea. Mwanamke tunayemkumbuka leo hakujua kutulia, na mimi tangu niisikie habari yake nimekuwa mtu wa kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa.

Jina lake ni Sikuzani. Nalitaja tena, kwa sababu kuna watu wasiotaka litajwe. Sikuzani. Alizaliwa juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Mnyambe, Wajerumani walipokuwa wageni bado katika nchi hii. Alikufa mwaka ule vita vikuu vya pili vilipomalizika. Lakini ukoo wake ulikuwa umeshamlilia zamani, wakati wa Maji Maji, akiwa mwanamke kijana mwenye mtoto wa kunyonya. Walimlilia angali hai. Na alipokufa kweli, walikataa kumlilia tena.

Hakuna aliyekaa matanga. Hakuna aliyepewa pole. Mwanawe mwenyewe aliambiwa anyamaze.

Leo tunakaa matanga ya Sikuzani hapa redioni. Mjukuu wake ameomba, nasi tumekubali. Mkuu wa ukoo amekataa, na amenitaka niombe radhi hewani kabla kipindi hakijaisha. Hilo nitalifikia. Kwanza mjueni marehemu.

Mjukuu huyo anaitwa Bibi Veridiana. Ndiye wa mwisho aliye hai kati ya waliomwona Sikuzani kwa macho. Mwaka jana, katika kipindi chetu cha afya, Daktari Barnaba wa hapa Masasi alieleza kwa nini presha inafaa kupimwa mikono yote miwili. Alisema wapo watu, na wengi wao ni wanawake vijana, ambao mkono mmoja una mapigo na mwingine hauna. Mkono ule ukitumikishwa, mwenyewe anaona giza na kuanguka. Bibi Veridiana alikuwa Mnyambe, barazani kwake, anachoma korosho. Aliziacha zikaungua. Alipanda basi, akaja hapa studio na masizi vidoleni.

Nilimwamkia. Aliitikia "marahaba" bila kunitazama, akauliza, "Nani aliyemsema bibi yangu redioni?"

"Hakuna aliyemsema, Bibi."

"Daktari wenu amemsema. Mkono mmoja haupigi, akiutumikisha anaanguka. Huyo ni bibi yangu. Mlimjulia wapi?"

Hivyo ndivyo kipindi hiki kilivyoanza.

Wasikilizaji wapendwa, ninyi wa juu ya uwanda mnaijua habari ya maji kuliko mimi. Kabla ya mabomba, mvua ilinyesha juu na udongo ukaimeza yote. Chemchemi zilikuwa chini, mabondeni. Kila tone lililonywewa juu lilipandishwa na mwanamke, kichwani, ndani ya mtungi.

Njia ya kina Sikuzani ilipanda ubavuni mwa genge. Ukishuka na mtungi mtupu hakuna shida. Ukipanda na mtungi uliojaa, mwamba uko kulia kwako na shimo liko kushoto. Kwa hiyo wanawake wote walipanda namna moja. Mkono wa kulia ulishika mwamba. Mkono wa kushoto uliinuliwa juu, ukashika mtungi. Kubadilisha hakukuwezekana. Ukiuachia mwamba, unakwenda shimoni wewe na maji yako.

Mkono wa kushoto juu, njia nzima. Likumbukeni hilo.

Sikuzani alianza kuanguka baada ya kumzaa mwanawe wa kwanza, msichana, aliyeitwa Siti. Kwanza mkono wa kushoto ulichoka upesi, ukauma kama umebanwa mlangoni. Kisha macho yakaanza kuingia giza akipanda. Kisha akaanguka, mara hapa, mara pale, na mitungi ikavunjika. Nyumbani, kwenye kinu, mambo yalikuwa yale yale. Akitwanga kwa mikono miwili kwa muda, anayumba, anashika ukingo wa kinu, anakaa chini. Akipumzika kidogo anainuka, mzima kabisa.

Na huko kuinuka mzima ndiko kulikomharibia. Watu walijiuliza, ni ugonjwa gani huu unaopona kazi ikikoma?

Mtu aliyemsumbua zaidi kwa maneno alikuwa rafiki yake, Mwanakombo. Huyu alikuwa Myao wa Masasi aliyeolewa Mnyambe. Kwa ukoo wa Sikuzani alikuwa mtani, na mtani hana mpaka. Bibi Veridiana anakumbuka maneno ya kinuni kama alivyosimuliwa na mama yake.

"Sikuzani, huu mchi ni mumeo? Mbona ukiushika tu unalegea?"

"Ni kizunguzungu, dada."

"Kizunguzungu chako kina akili. Kazi ikija, kipo. Chakula kikija, kimesafiri."

"Chakula nakula kwa mkono wa kulia."

Wanawake wakacheka mpaka mchi ukasimama. Wasikilizaji wapendwa, katika jibu lile Sikuzani alikuwa ameutaja ugonjwa wake wote. Hakuna aliyemsikia. Hata yeye hakujua amesema nini.

Basi amesema nini? Nilimfuata Daktari Barnaba. Nilimwambia asinipe maneno ya darasani, anipe ya barabarani. Alicheka, akachora barabara zetu kwenye karatasi.

"Moyo uweke Mtwara," alisema. "Bega la kushoto ni Tandahimba. Ubongo ni Newala. Siku zote mzigo unatoka Mtwara, unafika Tandahimba. Sehemu inashushwa hapo kwa ajili ya mkono. Sehemu inaendelea kupanda Newala kwa ajili ya ubongo. Na Newala inapokea mzigo mwingine kwa njia ya Masasi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa barabara kati ya Mtwara na Tandahimba imekatika. Tandahimba itakula nini?"

"Mzigo utazungukia Masasi, upande Newala, halafu ushuke Tandahimba."

"Vizuri. Basi ile barabara ya Tandahimba na Newala, magari yaliyokuwa yakipanda sasa yanashuka. Siku za kawaida huoni tatizo. Mzigo unawatosha wote wawili. Ila siku ya mnada Tandahimba, Tandahimba inavuta kila gunia linalopita. Newala inabaki na maduka matupu."

"Na siku ya mnada ni ipi?"

"Ni siku mkono unapofanya kazi."

Narudia kwa lugha ya mwili, ili asipotee mtu. Damu inatoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri. Ateri ya mkono inapita chini ya mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega. Kabla haijafika mkononi, inatoa tawi linalopanda nyuma ya shingo kwenda kwenye ubongo. Ateri ikiziba kabla ya tawi hilo, mkono unakosa damu ya mbele, basi unaivuta ya nyuma. Damu iliyokuwa ipande kwenye ubongo inageuka shingoni, inashuka mkononi. Mkono unauibia ubongo. Mkono ukipumzika, wizi unapungua. Mkono ukifanya kazi, hasa ukiwa juu, wizi unazidi. Mtu anapata kizunguzungu, anaona giza, anaanguka. Na mkono wenyewe unakuwa wa baridi, na ukishika kifundo chake unaweza usisikie pigo hata moja.

Daktari Barnaba aliniwekea mpaka. "Mtu aliyezikwa siwezi kumpima," alisema. "Ninachosema ni kwamba habari zake zinafanana na hizi. Usinitie maneno mengine kinywani."

Simtii. Nawaambia alivyosema.

Sasa vita.

Mwaka 1905 habari ya dawa ya maji ilifika uwandani. Wengine waliikataa, wengine waliinywa. Mume wa Sikuzani aliinywa, akateremka Masasi na wenzake, na habari yake ikaishia huko. Kisha Wajerumani wakaja kutoka pwani na askari wao. Walichoma ghala. Walichoma mtama shambani. Mihogo waliing'oa, wakaiacha juani ioze.

Watu wa Mnyambe wakaingia vichakani. Mnavijua vichaka vya uwanda wetu, au mlivijua kabla havijakuwa mikorosho. Miba imeshikana na miba, na mtu mgeni haoni pa kuweka mguu. Askari hawakuingia humo. Walifanya jambo jepesi zaidi. Waliteremka bondeni, wakakaa kwenye chemchemi, wakangoja kiu ifanye kazi yao.

Aliyekuwa na kauli juu ya familia ya Sikuzani alikuwa mjomba wake, Hamidu. Kwa Wamakonde wa wakati ule, mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Asubuhi moja yenye ukungu, Hamidu alipanga wanawake wa kuteremka kuiba maji. Sikuzani alisita.

"Mjomba, mimi nitaanguka njiani."

"Wote wanaweza kuanguka njiani. Mwanao anakunywa, au hanywi?"

Alimwacha Siti kwa mke wa Hamidu, akachukua mtungi, akashuka.

Maji waliyapata. Walipokuwa wanapanda, Mwanakombo mbele na Sikuzani nyuma yake, wakasikia buti na sauti za askari chini yao. Wanawake wakaharakisha. Mkono wa kulia kwenye mwamba, wa kushoto juu, na mwendo wa mbio. Sikuzani akaita, "Mwanakombo, nishikie mtungi."

"Leo siyo siku ya vituko vyako. Panda."

Mtungi ukavunjika. Sikuzani alikuwa ameanguka, kichwa kikapiga jiwe.

Mwanakombo alirudi. Nataka mjue kwamba alirudi, na askari walikuwa wanapanda. Alipiga magoti, akamshika mkono kumsikiliza mshipa. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo penye kosa.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mwanamume akizimia, unamshika mkono wa kulia. Mwanamke akizimia, unamshika wa kushoto. Nilimuuliza Bibi Veridiana sababu. Akasema, "Sababu ni kwamba ndivyo walivyofanya." Mwanakombo alikuwa mke katika kijiji kile na alifuata ya kijiji. Alimshika Sikuzani mkono wa kushoto. Ulikuwa wa baridi. Akatafuta pigo, hakulipata. Akabonyeza tena, hakulipata. Mkono wa kulia, uliokuwa na damu tele, ulikuwa umelala pale pale majanini, na hakuna aliyeugusa.

Mwanakombo akakata matawi yenye majani, akamfunika, akakimbia.

Juu vichakani alisema, "Sikuzani amekwisha." Wakamlilia. Lakini sauti zingewaita askari, basi walilia wakiwa wamefumba midomo. Wanawake waliuma vilemba. Wanaume walitazama chini. Hamidu akaufunga msiba siku ile ile, kwa sababu vitani hakuna nafasi ya kukaa na maiti. Akatangaza kwamba Siti sasa ni mtoto wa mkewe.

Siti alikuwa wa kunyonya. Mke wa Hamidu hakuwa na maziwa. Mtoto alilia mpaka wakamziba mdomo kwa kiganja.

Huko gengeni jua lilipopanda, Sikuzani aliamka. Kichwa kinauma, damu imemganda sikioni, majani juu ya uso. Alidhani amelala. Aliponusa majani mabichi akaelewa kwamba amefunikwa, na kwamba wenzake wameondoka. Angeweza kupanda moja kwa moja. Hakupanda. Alikumbuka kwamba mtungi umevunjika na mtoto ana kiu. Akashuka tena. Askari walikuwa wamehama chemchemi ile kwenda nyingine. Akaokota kibuyu kilichoachwa, akakijaza, akakitundika bega la kulia. Njia ya genge hakuipita. Alipita upande wa miba, mbali, mkono wa kushoto ukining'inia tu.

Jioni haijaingia alikuwa amefika.

Kilichofuata Bibi Veridiana anakisimulia akiwa amesimama. Nilimpa kiti, akakisukuma kwa mguu.

Watoto walimwona kwanza, wakajitupa mibani. Watu wazima wakarudi nyuma. Hamidu akatoka mbele.

"Rudi ulikotoka."

"Nimetoka bondeni, Mjomba. Nimeleta maji."

"Sisi tumeshakulilia."

"Basi mlinililia kimya. Sikusikia. Nipe mwanangu."

"Marehemu hanyonyeshi."

"Nishikeni mkono, kama mimi ni marehemu."

Mwanamke mmoja mzee alijitokeza, akamshika mkono. Wa kushoto. Akauachia kama aliyeshika nyoka. Watu wakasikika wakivuta pumzi.

"Shika huu mwingine," Sikuzani akasema.

"Huo ni wa wanaume," akasema Hamidu.

Fikirini hali ile. Kibuyu kimejaa, midomo imepasuka kwa kiu, na hakuna anayesogea. Hakuna anayetaka maji ya mtu aliyekufa. Na nyuma ya mke wa Hamidu mtoto analia.

Aliyesogea ni Mwanakombo. Alikichukua kibuyu begani mwa Sikuzani, akakinusa, akakitikisa. "Mimi mtani," alisema. "Kwenye msiba wenu huwa nalala kwenye jeneza nikicheka. Basi wa kwanza kufa leo niwe mimi." Akanywa. Alikunywa mpaka maji yakamtoka pembeni mwa mdomo. Kisha akamgeukia Hamidu. "Kama haya ni maji ya kuzimu, Mzee Hamidu, tuhamie huko wote. Huku kwako hakuna."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

Mwanakombo akamshika Sikuzani mkono wa kulia. Hakuomba ruhusa. Akafumba macho. Bibi Veridiana anasema mama yake alisimuliwa kwamba uso wa Mwanakombo ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali.

"Unapiga," alisema. "Unapiga kama mtu anayegombana."

"Wa kushoto haupigi," akasema Hamidu.

"Basi kushoto amekufa, kulia yu hai. Na hapa katikati je?" Akaonyesha kifua cha Sikuzani. Mtoto alikuwa akilia wakati wote huo, na nguo ya Sikuzani kifuani ilikuwa imelowa. "Mzee Hamidu, maiti haina maziwa. Mpeni mtoto."

Wakampa. Siti alinyonya palepale, mama yake akiwa amesimama, na watu wakakizunguka kibuyu.

Ningependa kuishia hapo. Siwezi, kwa sababu haikuishia hapo.

Hamidu alisema hivi, na nayasema kama nilivyopewa: "Msiba niliufunga kwa mkono wangu. Nikiufungua utabaki wazi, na msiba ulio wazi unataka mtu wa kukaa ndani. Tazameni watoto hawa. Mnanipa yupi? Huyu akae, anyonyeshe. Lakini Sikuzani tumemlilia. Huyu ni mgeni."

Hamidu hakuwa katili. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mbele yake walikuwa watoto ambao mbavu zao zilihesabika. Nakubali. Lakini kubalini nanyi hili. Maji yake waliyanywa. Jina lake hawakulirudisha.

Tangu siku ile aliitwa Mgeni. Alipona vita, akapona na njaa iliyofuata, ile iliyoua wengi kuliko risasi. Alijengewa kibanda mwisho wa kijiji. Katika vikao vya ukoo hakuitwa. Siti alipoozwa, mjomba ndiye aliyekaa kama mzazi, na Mgeni alipika. Mkono wake wa kushoto watu waliuita mkono wa kaburini. Yeye mwenyewe alijifunza kuuacha upumzike. Alitwanga kwa mkono mmoja. Maji aliyaleta kwa ile njia ndefu ya miba, begani kulia, na hakuanguka tena ila mara chache, alipojisahau.

Mwanakombo hakuwahi kumwambia pole. Alikuja kila msimu wa mtama, akamnyang'anya mchi. "Sogea wewe. Unatwanga kama anayeua sisimizi."

"Na wewe sogea kidogo, unanikanyaga."

"Nitakukanyaga vipi, na wewe ulishakufa?"

Walicheka hao wawili. Ndio pekee waliolicheka jambo lile, na nadhani ndio pekee waliokuwa na haki.

Bibi Veridiana alimjua bibi yake akiwa tayari mtu mzima mwenye mvi. "Alikuwa hakai," ananiambia. "Unamwona mlangoni, unageuka, yuko shambani. Unamwita, yuko njiani. Usiku tulilala naye mkeka mmoja. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa moto. Wa kushoto ulikuwa baridi kama chini ya mtungi. Sisi watoto tuliupenda ule wa kushoto wakati wa joto. Tuliuweka shavuni."

Alikufa mchana, anapalilia. Safari hii walishika mikono yote miwili, wa kushoto na wa kulia, na yote ilikuwa kimya. Hamidu alishakufa siku nyingi, lakini kauli yake ilikuwa hai. Mkuu wa ukoo wa wakati huo akasema mtu haliliwi mara mbili. Wakamzika kama anavyozikwa mpita njia. Siti, yule mtoto wa kunyonya, sasa mama wa watoto, alikatazwa kutoa sauti.

"Mama aliuma kanga," anasema Bibi Veridiana. "Aliiuma mpaka ikatoboka. Kanga ile tuliivaa na tundu lake. Mama naye amekufa bila kumlilia mama yake. Nimebaki mimi. Sitaki shamba, sitaki chochote. Nataka nilie, watu wasikie, waseme pole. Basi."

Wasikilizaji wapendwa, tangazo la kipindi hiki lilipotoka, simu ilipigwa hapa studio. Alikuwa Mzee Selestini, mkuu wa ukoo huo leo, mkulima wa huko Mnyambe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye binti unayetaka kufukua wafu?"

"Nataka kuwapa pole wafiwa, mzee."

"Hakuna wafiwa. Msiba huo ulifungwa na babu zangu. Sasa nisikilize. Mwaka huu nimemzika mdogo wangu. Nimemzika na mjukuu. Ukifungua msiba wa kale unataka mtu wa tatu. Utakuja wewe kuchimba?"

"Nitakuja, mzee."

"Unajibu haraka sana. Vijana wa siku hizi mnajibu haraka."

"Hata nikichelewa jibu ni hilo hilo, mzee."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anakohoa. Kisha akasema, bila ukali, "Basi kama utafanya, mwishoni uombe radhi. Kwa ukoo, na kwa waliolala. Labda watatuacha."

Nimeibeba sauti ile. Mtu aliyezika wawili mwaka mmoja simfanyii mzaha. Hofu yake ni ile ile ya Hamidu vichakani, na hofu ya Hamidu ilikuwa na sababu. Lakini tazameni imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya kifundo kimoja cha mkono, mkono wenye ateri iliyoziba, ulioshikwa kwa haraka gengeni. Msiba wanaosema umefungwa ulikuwa wa mtu aliyekuwa anapumua chini ya majani. Wa mtu aliyekufa kweli haujawahi kufunguliwa. Siufukui mimi. Naukuta haujaanza.

Na hata ule wa kwanza haukuwa na sauti. Sikuzani mwenyewe aliwaambia hivyo.

Bibi Veridiana yuko hapa mbele yangu. Amekuja na wajukuu wawili, na leo pia amekataa kiti. Nanyamaza sasa. Kipaza sauti ni chake.

Mmesikia, wasikilizaji wapendwa. Hicho ni kilio kilichongoja tangu mwaka ule vita vilipoisha. Fundi mitambo wetu ameinama juu ya meza yake. Bibi Veridiana amelitaja jina la bibi yake, na la mama yake Siti, na sasa anajipangusa kwa kanga na kuuliza kama ametusumbua. Hapana, Bibi. Hujatusumbua. Amekaa. Amekubali kiti.

Kwa niaba yangu, ya kituo hiki, na ya kila aliyekuwa nasi leo kutoka Masasi, Lupaso, Newala, Tandahimba: Bibi Veridiana, pole sana kwa kufiwa na bibi yako. Poleni wajukuu na vitukuu. Pole Mama Siti, ulikolala, uachie ile kanga. Sikuzani, mama uliyerudi na maji, tumekulilia.

Nanyi mlio majumbani, tafakarini. Mtu akianguka mbele yako, usishike upande mmoja ukaridhika. Mwanamke anayesema mkono unachoka na macho yanaingia giza, mpelekeni akapimwe mikono yote miwili, kabla hamjamwita mvivu. Na tazameni katika koo zenu. Yupo aliyezikwa bila sauti kwa sababu mtu fulani aliwahi kuamua, na wengine wakaona rahisi kufuata. Mtajeni jina. Mkae naye hata nusu siku.

Mzee Selestini, najua unasikiliza. Shikamoo tena. Kwa mdogo wako, pole. Kwa mjukuu wako, pole. Kwa Sikuzani pia, pole, maana ni wako. Ulinitaka nimalize kwa kuomba radhi, kwa ukoo na kwa waliolala.

Siombi.